Mashine ya espresso inaamsha nyumba alfajiri, nipunguzeje kelele na mtetemo?

BintiKagera_Kirumba

Habari zenu wapenzi wa kahawa. Naomba msaada, hasa kwa waliowahi kufungua hizi mashine.

Niko Kirumba, Mwanza, nimepanga vyumba viwili na ukuta mmoja napakana na mama mwenye nyumba. Nauza dagaa Mwaloni, kwa hiyo alfajiri kabla hakujapambazuka nishaamka. Mzigo ukishashushwa, mwenye kuchelewa anakuta dagaa wazuri wameshaondoka. Na bila kahawa sitoki. Nimezaliwa Bukoba, kwetu kahawa analetewa mgeni hata kabla hajasema kilichomleta.

Mashine ni ya Kiitalia, mtumba, ndogo ya nyumbani, bodi lake la chuma. Kahawa inatoka nzito na povu lake juu, siidai kitu. Shida ni kelele. Nikibonyeza swichi inapiga drrrrr kali, vikombe nilivyopanga juu yake vinagongana, vijiko kwenye droo vinaitikia, na mashine yenyewe inasogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Imekaa kwenye rafu ya mbao iliyopigiliwa ukutani, ukuta huohuo wa mama.

Hajanigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hicho kinachounguruma alfajiri ni nini?" Ana presha, usiku halali vizuri, usingizi wake ni ule wa alfajiri. Imeniuma sana. Nimekunja taulo chini ya mashine, kelele imepungua kidogo lakini sasa inayumba nikikaza kile kishikio cha kahawa, na maji yake ni ya moto. Nifanye nini? Kuiuza sitaki.

MzeeWaKashata

Binti yangu, kwa nini usitumie kile kibirika cha Kiitalia cha kuweka jikoni, moka? Hakina pampu wala waya. Kinapika kimya na kahawa yake ni kali. Hapo mama wa watu atalala.

BintiKagera_Kirumba

Shikamoo mzee, asante. Ninacho na nakipenda, nakitumia umeme ukikatika. Ila mvuke wake unasukuma kwa presha ndogo, bar moja na kitu hivi, wakati espresso inataka kama bar 9. Kahawa yake ni tamu kwa namna yake, lakini ni kinywaji kingine.

FundiPampu_Igoma

Dada pole, na usiiuze. Hiyo mashine ni nzima.

Mashine nyingi za ukubwa huo zina pampu ya mtetemo, mara nyingi utakuta imeandikwa Ulka. Ndani kuna koili ya shaba, pistoni na springi. Umeme wetu ni wa 50Hz, yaani mawimbi 50 kila sekunde, na pampu ina daiodi inayopitisha upande mmoja tu wa wimbi, kwa hiyo pistoni inavutwa na kurudishwa mara 50 kila sekunde. Kupiga ndiyo kazi yake, hutaizuia. Cha kufanya ni kulikatia pigo njia lisifike kwenye bati, kwenye rafu na kwenye ukuta. Rafu ya mbao iliyopigiliwa ukutani inafanya kazi ya ngozi ya ngoma. Itoe mashine hapo leo, iweke juu ya kitu kizito kilichosimama sakafuni, na usiache kigusane na ukuta. Hata upana wa kidole unatosha.

Halafu fanya kipimo cha mkono, mimi huanza nacho kabla sijashika bisibisi. Washa pampu bila kahawa, maji yatoke kwenye kikombe. Bonyeza kwa kiganja sehemu moja moja: sahani ya vikombe juu, bati la ubavuni, mfuniko wa tangi, trei ya chini inayopokea maji. Mahali ukibonyeza na sauti ikabadilika ghafla, mchawi yupo hapo. Trei na wavu wake ndizo huongoza. Kipande chembamba cha mpira kwenye kona zake kinatosha. Vikombe navyo vishushe, au vilaze juu ya kitambaa kikavu.

Ukitaka kwenda ndani: chomoa plagi, usiridhike na kuzima swichi tu. Acha ipoe kabisa, fungua koki ya mvuke presha yote iishe. Ukinyanyua bati angalia waya wa rangi ya kijani na njano, ule ni wa ethi, mara nyingi umefungwa kwenye bati lenyewe. Lazima urudi ulipokuwa.

Pampu imeshikwa na mipira miwili, mmoja kila upande. Ibonyeze kwa kucha. Mzima unabonyea na kurudi. Ukikuta umekakamaa, una nyufa na unaacha unga mweusi kidoleni, basi joto la boila limeumaliza na pampu inagonga chuma kwa chuma. Mipira hiyo inauzwa peke yake, huna haja ya kununua pampu. Kisha fuata mabomba membamba meupe kwa macho. Mahali bomba linapogusa bati utaona alama ndogo inayong'aa, rangi imelika. Lisogeze, au livishe kipande cha mpira wa silikoni ulichopasua kwa urefu na ulifunge kwa kamba ya plastiki bila kulibana.

Nakuomba sana, usijaze sponji ya godoro ndani. Boila inapita nyuzi 100 na sponji inashika moto. Pampu nayo inahitaji hewa: nyingi zimeandikwa ifanye kazi dakika 2, ipumzike 1.

Nyegezi_Mitambo

Fundi kamaliza ya ndani, mimi niongeze ya chini ya miguu.

Taulo linayumba kwa sababu mashine ni nyepesi na kitambaa hakina nguvu ya kurudi. Tafuta jiwe. Mwanza hatuna njaa ya mawe, lakini chukua lililokatwa: nenda kwa wanaotengeneza meza za jikoni za graniti, uombe kipande kilichobaki. Cha sentimita 40 kwa 40, unene 3, kina kama kilo 13. Mashine juu ya jiwe, na chini ya jiwe vipande vinne vya mpira, kimoja kila kona.

Usitandaze mpira chini ya jiwe zima. Uzito ukisambaa kote, mpira haubonyei, na mpira usiobonyea unapitisha mtetemo kama vile haupo. Unataka ubonyee walau milimita moja kwa uzito wa jiwe na mashine. Hapo kitu kizima kinacheza polepole, kama mara 16 kwa sekunde, na mapigo 50 ya pampu hayapiti kirahisi. Katambuga haifai, mpira wa tairi ni mgumu mno. Soli ya kandambili laini ndiyo nzuri. Kata vipande vidogo, jaribu, punguza ukubwa mpaka uone kwa jicho kwamba vimebonyea. Vikibonyea mpaka vikawa bapa, umezidisha.

BintiKagera_Kirumba

Ndugu zangu, Mungu awabariki. Mashine nimeihamishia kwenye meza ya zege ya jikoni, upande wa pili kabisa na mama. Jiwe nimepata, wala hawakunitoza. Vipande vya kandambili nimevikata mara mbili ndipo vikabonyea. Shemeji alinisaidia kufungua: mipira ya pampu bado laini, ila bomba moja lilikuwa limeegemea bati la nyuma na ile alama ya kung'aa ipo, ndogo kama punje ya mchele. Tumelivisha silikoni, waya wa ethi tumeurudisha.

Sasa nikiweka kiganja ukutani pampu ikiwa inafanya kazi, sisikii kitu. Vijiko vimenyamaza. Limebaki moja: mwanzoni kabisa, asubuhi ya kwanza, inapiga sauti kali kavu kwa muda mfupi, kisha inatulia na kuwa nzito. Ni ugonjwa?

FundiPampu_Igoma

Hapana dada. Mwanzoni pampu haijapata kitu cha kusukumana nacho, kahawa ikishalowa na kuleta ukinzani, presha inapanda na sauti inashuka. Ikizidi sekunde kumi bila kushuka, inavuta hewa. Jaza tangi, angalia kibomba cha kufyonzea kisiwe kimejikunja au kimeinuka juu ya maji. Kwa huo mlio mfupi wa mwanzo, jaza tangi usiku na upitishe maji kidogo kabla hujalala, bomba lilale na maji. Alfajiri itaanza kwa upole zaidi.