Nisaini tafsiri za mashine au nikatae? Niko serikali ya jimbo, Marekani

Mto_Pangani (mleta mada)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu.

Nina miezi minne kwenye ofisi ya serikali ya jimbo, katikati ya Marekani. Jina la jimbo naliacha. Napitia maombi ya stempu za chakula (msaada wa serikali wa kununulia chakula, huitwa SNAP) na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo: namhoji mwombaji, nakagua hati za mshahara na kodi ya nyumba, naingiza kwenye mfumo, barua inatoka. Nilichukuliwa kwa sababu ya Kiswahili. Mtaa wetu una Wakongomani wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, na walikuwa wanasubiri mkalimani kwenye simu mpaka wanakata wenyewe.

Mwezi wangu wa pili tukaletewa msaidizi wa akili mnemba. Kwa mambo mengi sina ugomvi naye. Mahojiano ya dakika arobaini ananifupishia kwa aya mbili, nazisahihisha, naweka kwenye faili. Kinachoninyima usingizi ni tafsiri. Barua zote za Kiswahili sasa zinatafsiriwa na mashine, halafu zinaletwa kwangu. Chini kuna kisanduku kimeandikwa kwamba zimehakikiwa na mtu, na jina ni langu. Zinakuja hamsini, sabini kwa siku, juu ya kazi yangu ya kawaida. Bosi wangu ni mama mwema kabisa, hajui neno la Kiswahili. Aliniambia nipitishe macho tu, nibonyeze. Wiki tatu nimebonyeza.

Jumanne akaja mama mmoja wa Uvira ameshika barua. Akaniambia, "Mwanangu, masikio yangu ni mazima. Serkali inataka kunipima ya nini?" Ilikuwa barua ya kumkatia stempu. Pale alipotakiwa kuambiwa kwamba ana haki ya kukata rufaa na shauri lake likasikilizwe, kwa Kiingereza "fair hearing", mashine ilimwandikia kwamba ana "haki ya usikivu mzuri" na aombe "usikivu" kabla ya tarehe fulani. Alikuwa ameshakwenda kliniki ya masikio, kapangiwa siku. Angekata rufaa ndani ya zile siku kumi za mwanzo, stempu zingeendelea mpaka shauri liamuliwe. Zimepita. Ana watoto watano. Na chini ya barua kuna jina langu.

Niko kwenye kipindi cha majaribio cha miezi sita, wanaweza kuniachisha bila maelezo. Nikatae kubonyeza? Niseme nini, kwa nani? Naombeni ushauri, hasa mliofanya kazi serikalini huku.

Mkalimani_Louisville

Dada, kabla ya kisanduku, mshughulikie yule mama. Siku kumi ni za kuzuia stempu zisikatike. Za kukata rufaa ya SNAP ni 90, kwa hiyo mlango bado uko wazi. Akate leo, hata kwa mdomo inakubalika. Mpe namba ya ofisi ya msaada wa sheria ya kaunti yenu, waeleze kwamba barua aliyopewa haikueleweka, hiyo yenyewe ni hoja. Tangu kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly, mwaka 1970, Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mtu hakatiwi msaada wa kujikimu kabla hajapewa nafasi ya kusikilizwa. Barua inayomtuma kwa daktari wa masikio haijampa nafasi hiyo.

Sasa wewe. Swali la kumuuliza bosi kwa maandishi ni hili: nani amenithibitisha kuwa mtafsiri? Kwa barua za Medicaid, kanuni ya shirikisho ya mwaka 2024 iliyotolewa chini ya kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya Obama (Obamacare) inataka tafsiri ya mashine inayogusa haki au msaada wa mtu ikaguliwe na mtafsiri mwenye sifa. Kuzungumza Kiswahili nyumbani hakukufanyi uwe na sifa. Nimekalimani hospitali miaka kumi na moja na bado natetemeka nikipewa karatasi ya kusaini.

Kaka_Harrisburg

Mimi niko serikali ya jimbo la Pennsylvania, naomba tusiichukie mashine yote. Gavana Shapiro alianzisha majaribio ya ChatGPT Januari 2024, sisi tukawa jimbo la kwanza. Watumishi 175 waliitumia kwa mwaka, na ripoti ikasema waliokoa wastani wa dakika 95 kwa siku walizoitumia. Naamini, kwa sababu naona kwangu: rasimu za barua pepe, kufupisha waraka mrefu, kutafuta kosa kwenye jedwali. Ila angalia hizo ni kazi gani. Ikikosea, ninayeumia ni mimi mwenyewe, naisoma na kuirekebisha kabla haijamfikia mwananchi. Ya kwako inamfikia mtu asiyeweza kujua kuwa imekosea. Huo ndio mstari ningeuchora mbele ya bosi wako, na wala usianze kwa kusema mashine ni mbaya, maana hatakusikiliza.

Mpigania_Mkate

Mleta mada, bonyeza, ule mshahara wako. Kabla ya hiyo mashine, barua zilikuwa zinakuja kwa Kiingereza tupu. Tafsiri yenye makosa mawili ni afadhali kuliko hakuna. Kipindi cha majaribio kikiisha ndipo uongee.

Mto_Pangani

@Mpigania_Mkate, kaka yangu, nimelifikiria hilo sana. Mama huyu zamani akipata barua ya Kiingereza alikuwa anampelekea kijana wa jirani anayesoma sekondari, au ananipigia mimi. Alijua kwamba hajaelewa. Hii aliisoma mwenyewe, kwa lugha yake, akaamini. Ndiyo maana hakuuliza mtu.

Fundi_Detroit

Dada, someni yaliyotokea Michigan. Oktoba 2013 jimbo lilianza kutumia mfumo uitwao MiDAS kwenye mafao ya wasio na kazi. Ulikuwa unalinganisha taarifa za mwajiri na za mfanyakazi, zikitofautiana unatuma maswali, mtu asipojibu kwa wakati anahesabiwa tapeli. Wengi maswali hayakuwafikia kabisa. Faini ilikuwa mara nne ya fedha walizopokea. Watu walikatwa mishahara, marejesho yao ya kodi yakachukuliwa. Jimbo lenyewe lilipokuja kupitia maamuzi zaidi ya 22,000 yaliyotolewa na mashine peke yake, likakuta asilimia 93 si sahihi. Kwa jumla walioumizwa ni kama 40,000. Mahakama Kuu ya Michigan ilikubali mwaka 2022 kwamba wanaweza kudai fidia, na suluhu ikawa dola milioni 20. Na hiyo ni baada ya kungoja miaka yote hiyo.

Kilichoniuma kwenye habari ile ni kwamba kila barua ilionekana halali. Ilikuwa na nembo ya jimbo, na namba ya faili. Wewe unaombwa uwe ile nembo.

Mhasibu_Columbus

Niongeze kwa nini mabosi wanakimbizana hivi, ili umwelewe bosi wako na usimwone adui. Sheria ya bajeti iliyosainiwa 4 Julai 2025 inapandisha mzigo wa majimbo: gharama za kuendesha SNAP, sehemu ya jimbo inatoka nusu kwenda robo tatu kuanzia Oktoba 2026. Halafu kuanzia Oktoba 2027, jimbo ambalo makosa yake ya malipo yanafika asilimia 6 au zaidi litachangia fedha za stempu zenyewe, mpaka asilimia 15. Ni mamilioni ya dola. Kwa hiyo juu wanadai kasi na usahihi pamoja, bila kuajiri. Ila kosa linalohesabiwa pale ni la kiasi cha malipo. Barua isiyosomeka haimo kwenye hesabu hiyo. Lazima mtu aiseme.

BibiKisutu

Mwanangu, marahaba. Nimetafsiri nyaraka Dar es Salaam tangu enzi za taipureta. Barua sabini kwa siku hakuna binadamu anayezihakiki. Mimi nikipewa kurasa nane za sheria, siku imekwisha.

Lakini fikiria: barua za serikali zinafanana. Kinachobadilika ni jina, tarehe, kiasi na sababu. Waambie wakupe zile aina za barua, haziwezi kuzidi thelathini. Kila aina itafsiriwe mara moja, na mtu, akiwa ametulia, mwingine aisome. Baada ya hapo kompyuta ijaze majina na tarehe, hiyo kazi inaiweza tangu zamani bila akili mnemba yoyote. Na mkae na orodha ya maneno: rufaa ibaki rufaa, shauri kusikilizwa, msaada usigeuzwe "faida". Nimeona "faida za chakula" kwenye karatasi za huko kwenu, mtu atadhani ni biashara.

Kivu_Yetu

Miye ni mtu wa Bukavu, niko Iowa. Bibi amesema kweli, lakini yule wa pili wa kusoma awe Mkongomani. Kiswahili ya Tanzania tunasikia, ila si yote. Na kwetu "kusikia" ni kuelewa pia, kwa hiyo mama angeweza kufikiri wanamuuliza kama anaelewa Kiingereza! Tarehe muandike kwa namba, maana wengi wetu tunahesabia Kifaransa. Na juu kabisa, mbele ya maneno mengine, muandike: stempu zako zinakatwa siku fulani, piga namba hii.

Mto_Pangani

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku tisa.

Rufaa ya mama imepokewa, na wakili wa msaada wa sheria amechukua faili. Stempu bado hazijarudi. Nimempeleka kwenye ghala la chakula la kanisa mara mbili.

Bosi nilimwandikia barua pepe. Sikumwambia mashine ni mbaya. Nilimwekea ile sentensi, nikaitafsiri kurudi Kiingereza kama ilivyosomeka, nikamwambia jina langu liko chini yake na mimi si mtafsiri aliyethibitishwa. Aliniita, tukafunga mlango. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza zimetoka ngapi za aina hiyo. Nilimwambia sijui, sikuzisoma. Hilo lilikuwa gumu kulitoa mdomoni.

Kisanduku kimeondolewa jina langu kwa sasa. Barua za kukatiwa msaada zimesimamishwa kwa Kiswahili, zinakwenda na simu ya mkalimani. Wazo la bibi limepelekwa makao makuu. Kazini bado nipo. Hivi sasa nazipitia zile za wiki tatu, moja moja, jioni.

Nimekwama kwenye neno moja. Kwa sheria ya SNAP, wanaohesabiwa pamoja ni wanaoishi pamoja na kununua na kupika chakula pamoja. Mashine inaandika "nyumba", na watu wanajaza majina ya wapangaji wote. Niandike "kaya"?

Kivu_Yetu

Kaya mama hatasikia. Andika "wenye kula chungu kimoja".

BibiKisutu

Weka hivyo hivyo. Na Pwani wataelewa.