Safari ya Mwali, Komoro: nilipe sasa au nisubiri?

BintiRaskazone
Wanajamvi, salaam. Nina jambo linaninyima usingizi, nishaurini kabla sijatoa hela.

Wakala mmoja wa safari anakusanya watu wanane kwenda Komoro mwezi wa Agosti, siku tisa. Siku mbili kisiwa cha Ngazidja chini ya mlima Karthala, halafu tunavuka kwenda kisiwa cha Mwali kuangalia kasa wakitaga, nyangumi, popo wakubwa, na kuzamia kwa mrija kwenye visiwa vidogo vya Nioumachoua. Bei ni 5,800,000 bila tiketi ya ndege, naye anaitaka yote kabla ya tarehe 15. Kipeperushi chake kina picha ya silikanti, yule samaki wa kale, chini pameandikwa "ogelea naye ana kwa ana".

Nimezaliwa na kukulia Tanga lakini kuogelea kwangu ni kule kwa miguu kugusa mchanga. Tena kwenye boti natapika hata kamba haijafunguliwa. Mume wangu anasema hela hiyo tumalizie choo cha nje. Mnaonaje?

MvuviKigombe
Dada umenichekesha na hiyo silikanti. Sisi huku ndio wenye samaki huyo! Tangu 2003 ananasa kwenye majarife ya papa yanayotegwa maji marefu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Mimi nilimwona mmoja ameshakufa, magamba yanakwaruza kama msasa na mapezi manene utadhani vimiguu. Wakomoro wanamwita gombesa na wanamjua kitambo, yule wa pili kutambuliwa na wanasayansi alivuliwa kisiwa chao cha Nzwani mwaka 1952. Sasa sikiliza: mchana anajificha mapangoni, zaidi ya mita 100 chini. Huo mrija wa wakala wako una urefu gani?

Kidume_wa_Ngamiani
Jenga choo.

NahodhaMstaafu
Mwanangu, kuhusu nyangumi wakala hakukudanganya. Julai hadi Oktoba wanakuja maji ya Komoro kuzaa. Ila Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, na Nioumachoua iko upande wa kusini wa Mwali, upepo unaipiga usoni. Maji yanachafuka, na wewe utakuwa umelala kifudifudi juu ya mawimbi unameza chumvi. Kuvuka nako, wengi wanatumia boti ndogo toka Chindini, Ngazidja, hadi Hoani, Mwali. Mtu anayetapika gatini asivuke hapo Agosti.

Ngoja tangambili, pepo zinapobadilishana. Mwisho wa Septemba kuingia Oktoba kusi linakuwa limelegea, mvua kubwa za kaskazi bado, na nyangumi wa mwisho bado wapo na vitoto vyao. Kasa wa Itsamia, kijiji cha Mwali, wanataga mwaka mzima, hao hawakukimbii. Muulize wakala mnavuka saa ngapi na kama kila abiria ana jaketi la kuokolea lake mwenyewe. Akijibu "yapo mengi tu", hilo si jibu. Mchana upepo unapanda, boti ya kuaminika inaondoka alfajiri.

MamaSalha
Shoga, mimi nimekwenda na dada yangu, nikwambie ambayo wakala hakwambii. Beba euro taslimu, tena noti ndogo ndogo, kadi ya benki Mwali usiitegemee. Wenyeji ni Waislamu kama sisi, kanga na dera zinatosha, na ufukweni kijijini usitembee na nguo ya kuogelea. Kikomoro utakisikia nusu nusu kama unamsikiliza jirani nyuma ya ukuta. Wakikwambia "marahaba" wanakushukuru, mimi siku nzima nilidhani wananiitikia shikamoo ambayo sijawapa!

Popo wa Livingstone hawapo popote duniani ila Nzwani na Mwali. Mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu. Lakini kuwafikia ni kupanda mlima wenye utelezi, goti langu lilinilaani wiki nzima.

Kasa ndiye aliyenimaliza. Tulikaa mchangani Itsamia gizani, marufuku kuwasha tochi nyeupe wala simu, zaidi ya saa mbili hakuna kitu. Mara nikasikia pumzi, kama mzee aliyepanda ngazi. Akapita karibu kabisa na mguu wangu akaanza kuchimba, mchanga wote usoni mwangu, na sikuthubutu hata kufuta macho. Mpaka leo dada yangu hataki kuhadithiwa, alikuwa kalala kwenye mkeka.

Kuhusu kuogelea, anza hapa hapa. Nenda Pangani upande boti ya Maziwe siku ambayo maji yanapwa asubuhi, maana yakijaa lile fungu la mchanga linamezwa. Miwani ya kuzamia itemee mate kwenye kioo, sugua, suuza, haitaingia ukungu. Na ushungi wako ukikaa chini ya mpira wa miwani maji yataingia tu, vaa kofia ya kuogelea ya kubana. Ukiweza kulala juu ya maji dakika kumi bila kumshika mtu, basi nenda Mwali.

MvuviKigombe
Na usilipe yote. Toa theluthi, risiti mkononi, na iandikwe hela inarudi vipi boti isipovuka.

BintiRaskazone
Asanteni sana. Nimempigia wakala leo. Kuhusu silikanti amesema "ile ni picha ya kupendezesha tu". Kuhusu jaketi amesema yapo mengi tu, nikacheka peke yangu. Oktoba anasema hana kundi mpaka wapatikane watu sita, kwa hiyo hela yangu inabaki kwangu kwanza.

Jumamosi naenda Maziwe. Mume wangu kasema atakuja kunishikia kanga, kumbe na yeye hajui kuogelea, miaka kumi na moja ya ndoa ndiyo najua leo. MamaSalha, hiyo kofia ya kubana ulinunua wapi hapa mjini?

MamaSalha
Nitakuazima yangu. Ila rangi ni ya pinki, usije ukalalamika.