Nitajuaje kishale kiko wapi kabla bash haijaandika prompti?

mwanaghala
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, jambo hili limeniumiza kazini.

Nina skripti ndogo inayoiuliza seva yetu magunia mangapi ya korosho yameingia ghalani leo. Naita kwa curl, programu ya kuvuta data kutoka seva, na seva inarudisha tarakimu tupu, haishuki mstari mwishoni. Mashine ninayotumia inaitwa 2ghala, na prompti yangu (maandishi ambayo bash, programu inayopokea amri zangu, huandika ikiwa tayari kwa amri mpya) huanza na jina hilo. Jana skrini ilisomeka hivi:

```
14502ghala:~$
```

Nikamwandikia msimamizi magunia 14,502. Yalikuwa 1,450. Alikuwa ameshapiga simu kutafuta malori ndipo nikagundua.

Nataka bash ijue kishale (alama ya mahali herufi inayofuata itaandikwa) kiko safuwima ya ngapi kabla ya kuandika prompti. Kama si ya kwanza, ishuke mstari. Nimepekua vibadilika vyote vya bash, sijaona chenye habari hiyo. Nikajaribu `printf '\033[6n'`, ile ya kuuliza kishale kilipo, ikifuatwa na `sleep 1` ndani ya skripti, kikatokea `^[[14;5R` na basi. Hilo ni kosa au ndilo jibu?

fundi_wa_zamani
Ndilo jibu lenyewe mkuu. Wewe umeliona, skripti yako ndiyo haikulipokea.

Bash haijui kishale kilipo. Kazi yake ni kusukuma herufi tu, anayezipanga kwenye skrini ni teminali, lile dirisha unaloandikia amri, na ndiyo ya kuulizwa. Swali hilo la `6n` lilikuwamo kwenye teminali ya VT100 ya kampuni ya Digital, mwaka 1978, na teminali tunazotumia leo bado zinalijibu. Kinachowachanganya wengi ni njia jibu linayorudia: linapitia upande wa kibodi, kana kwamba wewe mwenyewe umebonyeza Escape, mabano, 14, nukta mkato, 5, R. Ndiyo maana lilijichapa kwenye skrini kama herufi nyingine yoyote unayobonyeza, ile `^[` ni Escape. Na kwa kuwa hakuna aliyebonyeza Enter, kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, inalishikilia ikingoja mstari ukamilike. Zima yote mawili, mwangwi na huko kungoja Enter, halafu ndipo usome:

```
kiko_wapi() {
  local zamani
  zamani=$(stty -g < /dev/tty)
  stty -echo -icanon min 1 time 0 < /dev/tty
  printf '\033[6n' > /dev/tty
  IFS='[;' read -r -d R -t 2 _ mstari safuwima < /dev/tty
  stty "$zamani" < /dev/tty
}
```

Kwa mfano wako `$mstari` itakuwa 14 na `$safuwima` 5. Usiondoe `/dev/tty`, ambayo ndiyo teminali yenyewe, hata mahali pamoja: siku skripti ikiwekwa kwenye bomba, matokeo yake yaingie programu nyingine, swali litaishia kwa programu ya pili badala ya kufika kwenye teminali. Na `-t 2` iache, kwa sababu ukikutana na teminali isiyojibu utakaa hapo hadi kesho.

mwanaghala
Imekubali! Nimeiita kutoka PROMPT_COMMAND, amri ambayo bash huiendesha kabla ya kila prompti, na prompti sasa inaanza mstari wake. Ila kuna jipya. Mimi huanza kuandika amri ya pili kabla ya ya kwanza kuisha. Nimeandika `ls` na Enter wakati curl bado inasubiri seva, ikaja prompti tupu. `ls` yangu haipo popote.

dada_wa_seva
Imemezwa na `read`. Foleni ya kibodi ni moja: herufi zako zimetangulia, jibu la teminali liko nyuma yake, na `read` inazoa kila kitu mpaka ikutane na R. Ukiwa umeandika R kubwa mwenyewe itaishia hapo, na jibu halisi litabaki kukuchafulia amri inayofuata. Ukiwa na `;` au `[` ndani ya ulichoandika, namba zenyewe zinavurugika.

Kwa shida yako usiulize kabisa. zsh, ndugu ya bash, ina mbinu yake, chaguo linaitwa PROMPT_SP, na kwenye bash unaiiga kwa mstari mmoja:

```
PROMPT_COMMAND='printf "%%%*s\r \r" $((COLUMNS-1)) ""'
```

Chukua skrini ya upana wa 80, ndiyo `COLUMNS`. Inaandika alama ya % na nafasi 79, kisha inarudi mwanzo wa mstari. Kishale kikiwa safuwima ya kwanza, herufi 80 zinatosha mstari ule ule, kinarudi palepale, na nafasi moja inaifuta ile alama. Kikiwa safuwima ya 5 kama chako, nafasi hazitoshi, zinamwagikia mstari wa chini, na mwanzo kinaorudia ni wa mstari huo wa chini. Alama inabaki pale tarakimu zako zilipoishia. Hakuna kinachosomwa kutoka kibodi, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

fundi_wa_zamani
Dada yuko sahihi, kwa prompti tumia hiyo. Yangu ibakize kwa siku utakapochora kitu kwenye skrini na ukataka kurudi mahali pako. Siku hiyo kumbuka jibu la teminali linahesabu kuanzia 1 na `tput cup`, amri ya kuhamisha kishale, inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo:

```
tput cup $((mstari-1)) $((safuwima-1))
```

Mimi hili lilinilaza macho usiku mzima, kila nikirudi naangukia mstari mmoja chini ya nilipotaka.

mwanaghala
Asanteni sana, mkuu na dada. Sasa naona hivi:

```
1450~
2ghala:~$
```

Alama ya % nimeibadilisha kuwa ~, maana 1450% mtu anaweza kuisoma asilimia. Nimeandika `ls` mapema mara tano, zote zimetoka. Na kwenye skripti yenyewe nimemwongezea curl `-w '\n'` ashuke mstari mwenyewe. Kesho asubuhi naiweka kwenye mashine za ghala la pili kabla hawajaanza kupokea mzigo.