Eti "kichwa kikiuma, kaza mwendo"! Huyu bingwa wetu wa Kilimanjaro ataua watu

Wakuu, jamaa mnamjua, jina silitaji. Leo kamjibu mtu anayepanda kwa njia ya Marangu siku tano: "Kichwa kikiuma meza panadoli, kaza mwendo." Kaza mwendo! Kutoka kambi ya Horombo mita 3,720 hadi kambi ya Kibo 4,720 ni mita elfu nzima kwa siku moja, halafu usiku wa manane unaamshwa kukitafuta kilele, 5,895. Hata punda angegoma!

Huko juu kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Panadoli inaficha maumivu tu, ugonjwa wa mwinuko uko palepale. Kichwa kinauma na unatapika? Huongezi hata mita moja. Mtembeze mgonjwa kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, au akihema ilhali amekaa, anashushwa usiku uleule, hakungojwi kuche. Sasa huyo naye akaze mwendo?

Kokoto_za_Gilman: Mleta mada punguza jazba, hiyo "kaza mwendo" umeiimba kama kiitikio cha taarabu. Ila siku tano kweli ni chache. Ongeza ya sita: lala Horombo mara mbili, mchana wa katikati panda hadi miamba ya Zebra Rocks, kisha rudi chini.

Nyayo za Shira: Kero yangu mimi ni mifuko ya maji yenye mrija. Wauzaji hawasemi kwamba mrija unaganda hata Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, hujafika. Kila ukinywa, pulizia maji yarudi mfukoni. Chupa nayo igeuze kichwa chini, maana barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi.

BibiBarafu: Mrija kitu gani! Semeni betri za taa ya kichwani. Baridi inazimaliza. Weka mpya kabla ya kuondoka, za akiba zilale kifuani. Gizani na glavu nene hubadilishi kitu.

Mleta mada: Jamani, mtu kaambiwa AKAZE MWENDO!

Nyayo za Shira: Tumesikia mkuu. Na soksi? Watu wanavaa mbili nene ndani ya kiatu kilichobana, damu haifiki vidoleni, wanalia baridi.

BibiBarafu: Kiatu hicho kitang'oa kucha wakati wa kushuka. Zikate fupi kabla ya safari, na kamba uzikaze upya pale kileleni kabla hujageuza.

Kokoto_za_Gilman: Kamba za juu, kwenye kifundo. Za chini ziache zilegee kidogo.