Uzamili wa botania India: Delhi, Varanasi au Kerala? Au nibaki Dar?

Mwalimu wa Muheza

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari, huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Shahada yangu ya kwanza ni ya sayansi na ualimu, miaka mitatu. Nimekulia chini ya milima ya Usambara Mashariki. Babu yangu alikuwa akiwabebea mizigo watafiti waliokuja msitu wa Amani, huko juu mlimani, na kuwatajia miti kwa Kisambaa. Yeye anataja, wao wanaandika. Nilikuwa namfuata nyuma, na tangu hapo nataka niwe miongoni mwa wanaoandika.

Mwakani nataka kuomba uzamili wa botania India. Nimebakiza vyuo vitatu: Chuo Kikuu cha Delhi, Banaras Hindu University (BHU) kule Varanasi, na Chuo Kikuu cha Calicut jimbo la Kerala. Chaguo la nne ni kubaki UDSM. Moyo wangu uko kwenye taksonomia, yaani kuitambua mimea na kuipanga, hasa jenasi ya Impatiens, yale maua laini ya kando ya vijito vya Amani. Bila ufadhili siendi, mshahara wa ualimu mnaujua. Aliyesoma huko naomba anieleze tofauti yenyewe. Majina makubwa ya vyuo nimeshayasikia.

Chavua (Dar es Salaam)

Mwalimu, karibu. Mimi nilisoma Delhi. Idara ile ilikuzwa na Panchanan Maheshwari kuanzia 1949, na sifa yake ni embriolojia ya mimea, jinsi mbegu inavyoumbika ndani ya ua. Ni humo, mwaka 1964, Sipra Guha na S. C. Maheshwari walipootesha chavulio (vile vifuko vya chavua ndani ya ua) za mnanaha (Datura) ndani ya chupa wakapata miche yenye seti moja tu ya kromosomu badala ya mbili. Watu wa mbegu wanaitumia njia hiyo hadi leo kupata aina safi kwa muda mfupi.

Nakueleza historia hiyo kwa sababu ndiyo inayoonyesha chuo kinakoelekea. Delhi utashinda maabara: hadubini, ukuzaji wa tishu, vinasaba. Mtu anayetaka kurudi kuzalisha migomba au mkonge wa tishu asifikiri mara mbili. Taksonomia inafundishwa, lakini haikuwa roho ya darasa letu, na kwenda msituni kulikuwa safari ya siku chache kwa semesta. Jiandae pia kwa hali ya hewa. Novemba moshi unafunika mji, mabaki ya mpunga yakichomwa Punjab na Haryana, na Januari ni baridi ya kuvaa makoti mawili.

Nyasi Ndefu (Morogoro)

BHU kwa ufupi: ni chuo cha 1916, eneo lake kubwa unaweza kutembea saa nzima hujatoka getini. Kwa botania kinajulikana kwa ikolojia, kazi aliyoianzisha Ramdeo Misra, na kwa mwani wa bluu-kijani wa mashamba ya mpunga. Mimi nilikwenda kwa ajili ya ikolojia ya nyasi na sijutii, nyanda za malisho za kwetu nimezielewa nikiwa kule. Darasani ni Kiingereza, ila sokoni bila Kihindi utasumbuka. Kwa Impatiens, sikushauri.

Bi Hiliki (Tanga)

Mwanangu Mwalimu, shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa, maana sisi wa Tanga na Muheza ni nyumba moja. Nimesoma Calicut, ngoja nikueleze kwa kirefu kwa sababu nadhani jibu lako liko huku.

Kwanza, chuo hakiko ndani ya mji wa Kozhikode kama wengi wanavyodhani. Kiko Thenhipalam, wilaya ya Malappuram. Waislamu ni wengi, adhana unaisikia, na mezani utakuta samaki wa nazi na muhogo, wenyewe wanauita kappa. Wiki ya kwanza nililia kwa upweke, ya pili nililetewa sahani ya muhogo na samaki nikanyamaza.

Ndani ya chuo kuna bustani ya mimea, na nyuma ya idara kuna hebaria, nyumba ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Tangawizi, binzari, hiliki na jamaa zao wote wa porini, utaijua familia hiyo kwa harufu tu. Taksonomia kwao ni jambo la heshima. Profesa K. S. Manilal wa chuo hichohicho alitumia miaka mingi kutafsiri kutoka Kilatini vitabu 12 vya mimea ya Malabar, pwani ya hukohuko, vilivyochapishwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693. Ndani ya vitabu hivyo mganga wa kienyeji, Itty Achudan, ametajwa kwa jina lake kuwa mmoja wa waliotoa elimu ile. Uliposimulia habari za babu yako nilimkumbuka huyo.

Pili, Impatiens. Milima ya Western Ghats, inayopita Kerala, na Milima yetu ya Tao la Mashariki, Usambara ikiwemo, yote ni ngome ya jenasi hiyo, na spishi nyingi hazipatikani kwingine. Mvua za kusi zikishaingia Kerala mwanzoni mwa Juni, miamba na kingo za vijito zinajaa maua hayo. Utajifunza kitu ambacho kitabu hakikupi vizuri: ua la Impatiens ukilibana kwenye gazeti kama mimea mingine linasinyaa lote, hulitambui tena. Lazima ulichambue likiwa bichi, petali moja moja, uchore, na mengine uyatie kwenye spiriti. Mkono ukishazoea kazi hiyo Kerala, Amani hautakusumbua.

Mwani wa Jambiani (Unguja)

Samahani nadandia mada. Mimi nataka mwani, mama yangu analima. Ule mwani mnene, kotonii, unakufa maji yakipata joto, na wakulima wamebaki na mwembamba wenye bei ndogo. Je, India kuna wanaoshughulikia hilo?

Chavua

Wapo, ndugu yangu. Tazama Bhavnagar, jimbo la Gujarat, kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa chumvi na kemikali za baharini (CSMCRI), na mwani huohuo wa kotonii ni moja ya kazi zao kubwa. Iko chini ya CSIR, baraza la India la utafiti wa sayansi na viwanda, na CSIR wakishirikiana na TWAS, akademia ya sayansi ya dunia, wana ufadhili wa uzamivu kwa watu wa nchi zinazoendelea. Kwa hiyo maliza uzamili kwanza. Fungua mada yako, nitakujibu huko.

Mzee Mkoko (Nairobi)

Ndugu Mwalimu, nimesoma yote, na nakubaliana na Bi Hiliki karibu kila neno. Lakini kuna jambo hakuna aliyeligusa, na mimi lilinigharimu semesta nzima.

India wana Sheria ya Bioanuwai ya mwaka 2002. Asiye raia haruhusiwi kuchukua mmea wa India kwa ajili ya utafiti mpaka apate idhini ya Mamlaka ya Taifa ya Bioanuwai, iliyoko Chennai. Juu yake kuna kibali cha idara ya misitu ya jimbo ukitaka kuingia hifadhini. Mwanafunzi mwenzako Mhindi atapanda mlima Jumamosi na mfuko wake arudi na vielelezo. Wewe huwezi kufanya hivyo kwa ajili ya tasnifu yako bila karatasi. Chuoni kwangu, ambacho sitakitaja, hakuna aliyenieleza mpaka nilipokuwa nimeshaandika pendekezo zima. Nikakaa nasubiri, wenzangu wanaandika matokeo.

Sheria yenyewe siilaumu. Ukijua jinsi mimea ya nchi zetu ilivyobebwa bila kuulizwa mtu, utaitamani hata kwako. Vielelezo vingi vya kwanza vya Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo mwaka 1902, vilipelekwa Berlin, na hebaria ile iliungua kwa mabomu Machi 1943. Vielelezo ambavyo majina ya spishi yaliegemea viligeuka majivu, mbali na mlima vilikotoka.

Kwa hiyo swali langu kwako si Delhi au Calicut. Ni mimea ya nani unataka kuijua? Ukitaka mbinu, nenda India, watakupa. Ukitaka Impatiens za Usambara, vielelezo vyake viko Dar, Arusha, kwetu Nairobi, na bustani ya Kew, London, ambako kazi ya kuiandika mimea ya Afrika Mashariki ilikamilika 2012. Kerala havipo. Na tasnifu ya uzamili wa kule mara nyingi inabanwa kwenye semesta ya mwisho, ni kazi ndogo. UDSM ungepata muda mrefu zaidi wa kukaa na mmea wako.

Bi Hiliki

Mzee Mkoko, kibali ni kweli, lakini usimtishe kijana. Zipo njia mbili. Anaweza kufanya tasnifu kwa vielelezo ambavyo tayari vimo ndani ya hebaria, msimamizi akimwongoza namna ya kuombea idhini mapema, semesta ya kwanza na siyo ya tatu. Au achague kazi ya umbo la chavua na mbegu kutoka mimea ya bustani. Na hata hilo lina karatasi zake, aulize.

Chavua

Mimi napingana na Mzee hapo pa UDSM. Nimesoma hapo shahada ya kwanza, nakipenda chuo kile. Ila mtu wa taksonomia anayejua msitu mmoja tu ana upungufu. Ukishaona Impatiens za mlima mwingine ndipo unajua kipi ni cha kawaida kwa jenasi na kipi ni cha Amani peke yake.

Karatasi Safi (Dodoma)

Naongeza ya vyeti, maana watu hurudi na shahada wakakwama.

Ufadhili wa ICCR, baraza la India la mahusiano ya kitamaduni, unaombwa mtandaoni, unaorodhesha vyuo unavyovitaka na unaandika insha ya Kiingereza. Wakati wangu uzamili ulikuwa na kikomo cha umri cha miaka 30, na posho ilikuwa rupia 20,000 kwa mwezi mbali na pesa ya pango. Masharti hubadilika, soma ya mwaka wako. Viza ya mwanafunzi haikuruhusu kufanya kazi, kwa hiyo usipange kujazia kwa kibarua. Ukifika una siku 14 kujiandikisha uhamiaji, FRRO. Usipitishe hata siku moja. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku 10 kabla ya safari na cheti ukibebe mkononi, si kwenye begi la chini ya ndege.

Kubwa kuliko yote: baada ya sera yao mpya ya elimu ya 2020, vyuo vya India vinaweza kutoa uzamili wa mwaka mmoja kwa mwenye shahada ya kwanza ya miaka minne. Wewe una ya miaka mitatu, basi dai wa miaka miwili, semesta nne. Kabla ya kulipa chochote waandikie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uulize kama shahada hiyo itatambuliwa, na majibu uyatunze. Mawakala wa vyuo binafsi wakikupigia simu wakikuahidi nafasi ndani ya wiki, waulize daraja la chuo kwa NAAC, baraza la India linalopima ubora wa vyuo. Wengine hukata simu hapohapo.

Mwalimu wa Muheza

Shikamooni wote, na Bi Hiliki ya kwako pokea mara mbili. Sikulala jana, nimesoma majibu haya mara tatu.

Nina miaka 29. Kwa hiyo la umri limeniamulia kwamba siwezi kuahirisha tena. Delhi na BHU nimeviondoa kwa heshima. Swali lililobaki ni moja, kwa Mzee Mkoko na Bi Hiliki: je, naweza kusajiliwa Calicut lakini tasnifu ikawa ya mimea ya Amani?

Mzee Mkoko

Unaweza, msimamizi akikubali. Lakini karatasi zitakufuata na upande wa kwenu. Utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), ruhusa ya wenye hifadhi, na cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu) ukitaka kusafirisha chochote. Njia nyepesi ni hebaria kwa hebaria: vielelezo vya Arusha au Dar vikaazimwa rasmi na Calicut, vikarudi vyote. Mwanafunzi hawezi kuomba hilo kwa jina lake, ni lazima waandikiane wasimamizi wa hebaria. Ndiyo maana nasema tafuta msimamizi kwanza, chuo baadaye. Mwandikie mtu mmoja, barua fupi, umwambie mmea gani na swali gani. Akikujibu kwa swali la pili, huyo ndiye.

Na piga picha. Ua kwa mbele, ubavuni mpaka kile kimkia cha nyuma kionekane, kisha tunda.

Bi Hiliki

Na urefu wa kile kimkia uupime kwa rula, usikisie.

Mwalimu wa Muheza

Nimeelewa. Nina picha za aina tatu, mbili sina uhakika nazo, lakini zote zimepigwa kwa mbele tu. Jumamosi napanda tena Amani na rula. Babu naye amesema atakuja, ingawa magoti yanamsumbua, tutachukua bodaboda mpaka pale barabara inapoishia. Nitaandika majina yake ya Kisambaa pembeni ya kila picha kabla sijaituma barua Kerala. Nikipata jibu nitalileta hapa.