Naomba ushauri: betri ya sola hapa Perth kabla ya tarehe 1 Mei 2026

Mwana wa Likoni: Habari zenu wanajamvi. Ninaishi Perth, Australia Magharibi, na nyumba yetu ina sola juu ya paa tangu tuinunue. Umeme unaobaki huenda kwenye gridi nasi huwekewa senti 2 kwa kila yuniti, isipokuwa kati ya saa tisa alasiri na saa tatu usiku, ambapo huwa senti 10. Ilhali yuniti tunayonunua sisi ni takribani senti 32. Nimeelezwa kwamba serikali kuu inatoa ruzuku ya betri tangu Julai 2025, na kwamba itapunguzwa tarehe 1 Mei 2026. Je, niweke betri inayohifadhi yuniti 40 sasa, au nisubiri? Usingizi umenipaa.

Bi Tudor: Mwanangu, wewe unalalamikia senti mbili! Hapa Kenya, kwa kanuni za mwaka 2024, kila yuniti unayoipeleka kwenye gridi huhesabiwa nusu, tena ni salio tu la bili, fedha taslimu huzioni. Mimi betri zangu mbili nilizonunua kwa ajili ya friji ya samaki sasa juu yake analala paka.

Fundi Gridi: Nijibu lililoulizwa. Ruzuku ya serikali kuu haiji mkononi. Hutolewa kama vyeti, ambavyo mfungaji huviuza na kukukata kwenye bei. Hadi mwisho wa Aprili 2026, kila yuniti ya betri inayoweza kutumika huzaa vyeti 8.4, na huhesabiwa yuniti 50 za mwanzo. Kuanzia Mei ni vyeti 6.8, tena kwa ngazi: yuniti 14 za kwanza huhesabiwa kamili, 14 zinazofuata asilimia 60, na zinazozidi 28 hadi 50 asilimia 15 tu. Kwa hiyo betri yako ya 40 itashuka kutoka vyeti 336 hadi 164, lakini betri ya 10 itashuka kutoka 84 hadi 68, jambo ambalo halimkoseshi mtu usingizi. Ruzuku ya jimbo nayo, kwa mteja wa Synergy, kampuni ya umeme ya hapo Perth, ni dola 130 kwa yuniti na hukomea dola 1,300, yaani yuniti 10, na sharti ukubali kuingiza betri katika mpango ambao kampuni ya umeme huzichota betri za majumbani gridi inapoelemewa. Sasa niambie, paneli zako ni za kilowati ngapi?

Mwana wa Likoni: Ahsante sana. Sisi ni watu wanne, na mke wangu hufanya zamu za usiku, hivyo matumizi ni makubwa. Bei niliyopewa ni nzuri mno.

Mzee Kikombe: Vijana mnapenda mikopo. Jimbo hilo linatoa mkopo wa betri usio na riba hadi dola 10,000, na utaona watu wakiukimbilia kana kwamba mkopo usio na riba haulipwi.

Fundi Gridi: Mzee, hakuna aliyetaja mkopo. Ndugu Likoni, umeulizwa paneli ukajibu mke. Kilowati ngapi?

Mwana wa Likoni: Kilowati 1.5. Ziliwekwa na mwenye nyumba wa zamani. Lakini kabla hamjanishambulia, mchuuzi alinieleza kwamba betri inaweza kujazwa kutoka gridi, kwa ule mpango wa bei nafuu wa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kwa hiyo ukubwa wa paneli si hoja. Nami nimekwisha kutoa arubuni ya dola 2,000.

Fundi Gridi: Paneli za kilowati 1.5 hapo Perth hutoa wastani wa yuniti 6 na ushee kwa siku, na nyingi mnazila wenyewe mchana. Kujaza kutoka gridi ni hoja ya kweli, kwa sababu katika mpango huo bei ya jioni hupanda kuliko hizo senti 32. Lakini je, usiku mnatumia yuniti ngapi?

Mwana wa Likoni: Bili inaonyesha kama 12.

Fundi Gridi: Basi yuniti 28 zitakuwa zimelala ndani ya betri kila siku, na umezilipia.

Jicho la Tatu: Samahani, mimi siamini uzi huu. Mtu anauziwa betri ya 40 kwa paneli za 1.5, kisha kwa bahati anatokea fundi mwenye hesabu tayari hadi kwenye cheti cha mwisho? Nyinyi wawili ni mtu mmoja, na karibuni tutaletewa namba ya simu ya kampuni.

Bi Tudor: Hata mimi nilijiuliza, lakini nikaona ni adabu mbaya kusema.

Fundi Gridi: Sina kampuni. Hesabu ni ya kuzidisha na kujumlisha, ifanyeni wenyewe.

Mwana wa Likoni: Ningekuwa natunga, ningejitungia paneli kubwa zaidi. Mkataba huu hapa mbele yangu: umesainiwa sebuleni kwangu Jumatatu iliyopita, mchuuzi alibisha hodi bila kuitwa, na tarehe ya kufunga imeachwa wazi. Kuna kifungu kinachosema thamani ya vyeti ikishuka, tofauti hiyo namlipa mimi. Yeye alisema nikisaini kabla ya Mei nimeshaiwahi ruzuku.

Jicho la Tatu: Hicho kifungu hakitungiki. Naondoa neno langu, ila la fundi bado ninalo.

Fundi Gridi: Kinachohesabiwa ni siku betri inapofungwa na kupata hati ya kuthibitisha kuwa kazi ya umeme iko sawa, si siku ya kusaini. Wakifunga Juni, pengo la vyeti 172 ni lako. Lakini kwa kuwa alikuja mlangoni bila kuitwa, sheria ya walaji ya Australia inakupa siku 10 za kazi kuvunja mkataba bila sababu, na ndani ya siku hizo hakuruhusiwa kupokea hata senti. Andika leo, kwa maandishi, udai arubuni.

Mwana wa Likoni: Nimewapigia. Wamesema hakuna haja ya kuvunja, watanibadilishia betri ya 13 na kuniongezea paneli, mradi nisiandike chochote. Si afadhali nikubali?

Fundi Gridi: Andika kwanza. Wakikurudishia dola 2,000, waombe bei upya, pamoja na wafungaji wengine wawili.

Mzee Kikombe: Na mkopo?