Wenye nyumba wa Tanga, koki ya uani mnaiweka idumu siku ngapi?

Mpangaji_Mkali

Wakuu, salamu baadaye. Leo tuongelee koki ya uani kwenye nyumba za kupanga Tanga hii.

Pita Makorora, pita Mabawa, shuka Ngamiani mpaka Sahare, utakuta kitu kilekile: bomba la PPR, ile plastiki ngumu ya kijani, limechomoza kwenye mchanga kama mchicha, halina nguzo, halina klipu, na juu yake imesokotwa koki nyepesi inayometameta. Baada ya miezi michache inachuruzika. Bili ikija inagawanywa kwa vichwa, vyumba sita vinalipa, mwenye nyumba hayumo. Ukiuliza unajibiwa "nyie mnakaza sana". Waja leo waondoka leo ulikuwa msemo wa wageni wa Tanga, siku hizi unazifaa koki.

Sasa nisikilizeni. Hiyo inayometameta si shaba. Ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu ikapakwa kromu nyembamba. Kromu ikipata mchubuko mmoja tu, chumvi ya upepo inapenya na zinki inaliwa kimyakimya huku nje bado inang'aa. Dalili ya kwanza ni unga mweupe, vipele vidogo shingoni na pale nyuzi za kusokotea zinapozama kwenye soketi, yaani kiungo cha bomba. Siku fundi anakuja kubadilisha washa, kile kiraka cha mpira cha ndani, anaweka spana, shingo inakatika kama biskuti na nyuzi zinabaki ndani. Kazi ya dakika kumi imeshageuka kukata bomba na kuchomea upya. Halafu mpangaji ndiye aliyekaza sana!

Dukani kuipima ni rahisi. Ishike mkononi kwanza, shaba ni nzito. Kisha kwaruza kwa ncha ya kisu kwenye nyuzi, mahali pasipoonekana. Ikitoka manjano, chukua. Ikitoka kijivu au nyeupe, mrudishie. Sumaku itakuonyesha chuma tu, zinki haishiki, kwa hiyo muuzaji akikupigia mbwembwe za sumaku jua anakuchezea.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo tunapoibiwa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inamwaga kama lita 20 kwa siku. Hiyo ni ndoo moja, kila siku, bila mtu kuigusa. Ikiwa imefikia mchirizi, tega chupa tupu ya maji ya nusu lita uangalie saa. Ikijaa kwa dakika moja, ni lita 720 kwa siku, yaani uniti 21 na ushee kwa mwezi. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50. Fanya mwenyewe: zaidi ya ndoo 1,000 kwa mwezi zinanywewa na mchanga, na wapangaji sita wanazilipia.

Kwa hiyo, wenye nyumba, mnatuambia nini?

NyumbaNiYangu

Mleta uzi punguza mori. Sisi wenye nyumba tunaona mengi. Koki inawekwa Jumatatu, Ijumaa mtu kaning'iniza ndoo imejaa kwenye mdomo wake. Watoto wanapanda juu yake. Ikianza kudondosha, badala ya kusema, kila mmoja anaikaza kwa nguvu zake zote kama anafunga mtungi wa gesi. Na hiyo shaba nzito mnayoitaka, ukiifunga leo, usiku wanakuja wa vyuma chakavu. Asubuhi uani ziwa.

FundiMaji_Duga

Wote wawili mna nusu ya ukweli. Niseme kama fundi.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ukiitundika kwenye koki iliyo juu ya PPR isiyo na nguzo, uzito wote unaenda kwenye kiungo kimoja, pale plastiki inaposhika soketi ya shaba yenye nyuzi. Plastiki inapasuka kuzunguka ile shaba, ufa mwembamba kama unywele. Maji yanatoka kwa chini, yanatelemkia kwenye mchanga, juu pakavu kabisa. Kila mtu anaangalia mdomo wa koki wakati ugonjwa uko kwenye shingo ya bomba. Mpangaji hakosi kwa kutundika ndoo, anakosa mahali pa kuiweka. Jenga kibaraza, ndoo itakaa chini.

Jua nalo. PPR imetengenezwa kuzikwa ardhini au ndani ya ukuta. Ikianikwa juani inapauka, inakauka, mwisho inavunjika kwa kugongwa na fagio. Kipande cha juu ya ardhi kifunikwe kwa zege.

Nguzo haina maajabu. Sentimita 15 kwa 15, itokeze 75 juu ya ardhi, izame 40. Kwa nguzo moja chukua kopo la rangi la lita 4 upimie: simenti kopo moja na nusu, mchanga makopo matatu, kokoto makopo sita. Mchanga wa pwani MARUFUKU. Una chumvi, na nondo ikiwemo ndani itavimba kwa kutu mpaka nguzo ipasuke. Bomba lipite katikati ya nguzo, koki itokee mdomo wake ukiwa sentimita 60 juu ya kibaraza, ndoo inaingia vizuri bila kubinuliwa. Kibaraza kiwe 90 kwa 90, kielemee upande mmoja sentimita 2 kwa kila mita, maji yaende kwenye shimo la kokoto au mgomba. Chini ya ardhi bomba lilale sentimita 45, jembe la mtu anayepanda mchicha lisilifikie.

Kuchomea: bomba la milimita 20, mashine ya kuchomea kwenye nyuzi joto 260, sekunde 5 kwenye moto, ingiza moja kwa moja milimita 14, USIZUNGUSHE, shikilia, liache lipoe dakika mbili. Ukizidisha moto, plastiki inajikunja ndani na tundu linabaki la sindano, halafu mnalaumu presha. Na bomba liwe kavu. Hata mchirizi mdogo unatia mvuke kwenye kiungo na kitavuja baadaye.

Kuhusu kukaza, mwenye nyumba ana haki kidogo. Koki ya kusokota inafungwa na washa ya mpira inayokandamizwa kwenye kiti chake, ule ukingo wa tundu la maji. Ikichoka, kukaza zaidi kunaisaga mpaka ikatike vipande, na mwisho chuma kinasugua chuma. Washa mpya ni kitu cha bei ya kitumbua.

Mpangaji_Mkali

Fundi umenena. Sasa muulize huyo ndugu: bei ya kitumbua, kwa nini inangojwa miezi minne? Eti "nitamtuma fundi". Fundi yuko kila siku "njiani".

MamaUani

Fundi tueleze hiyo washa, wengine tuna spana ndani.

FundiMaji_Duga

Sawa mama. Funga koki ya kwenye mita. Fungua ya uani mpaka maji yakome, uiache wazi. Shika mwili wa koki kwa spana moja ili usisokote bomba, na kwa nyingine, spana malaya ile ya kubana na kutanua, fungua nati kubwa ya shingoni, kinyume cha saa. Hapa ndipo wengi wanapovunja PPR: wanatumia spana moja, nguvu zote zinashuka kwenye plastiki.

Chomoa kichwa kizima. Chini utaona kiraka cha mpira, mara nyingi kina alama ya duara iliyozama kama muhuri. Nenda nacho dukani, chukua kinacholingana cha koki ya nusu inchi. Kabla ya kurudisha, ingiza kidole ndani upapase kiti. Kikiwa laini, rudisha. Ukihisi vishimo au ukingo unaokwaruza, washa mpya itakatwa tena baada ya wiki chache, badilisha koki nzima. Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za kichwa, funga, fungua maji ya mita taratibu.

Ukifunga koki mpya, tredi tepu, ile ya kuziba nyuzi, mizunguko 8 hadi 12 kwa ile nyembamba, ukitazama ncha ya nyuzi zungusha kufuata saa. Ukizungusha kinyume inajikunja na kutoka yote wakati wa kusokota. Ukijaza tepu kama bandeji, soketi inatanuka na plastiki inapasuka.

Kusi_na_Kaskazi

Kuna mtu aliweka picha humu ya koki imevalishwa kofia ya sponji, akashauri wenye nyumba wa Raskazone wazinunue. Mkuu, ile ni dawa ya ugonjwa mwingine. Kule Marekani na nchi za baridi adui ni barafu. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na kati ya barafu na koki iliyofungwa presha inapanda mpaka bomba linapasuka. Ndiyo maana wanachomoa mpira wa kumwagilia kabla ya majira ya baridi, wanafunga valvu ya ndani ya nyumba, kisha wanaacha koki ya nje wazi imwage maji yaliyobaki. Wana hata koki yenye shina refu ambayo mlango wake wa kufungia uko ndani kabisa ya ukuta, kwenye joto. Na hiyo nayo ukiacha mpira umefungwa, maji hayamwagiki, inapasuka vilevile.

Huku kwetu kofia ya sponji inashika unyevu wa chumvi na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Unaiozesha koki kwa pesa yako. Kinachofaa ni kinyume chake: iache ipumue, mara moja kwa wiki imwagie maji baridi ya bomba, ifute kwa kitambaa, mara moja kwa mwezi ipake grisi kwenye shina na mkono. Walio karibu na bahari wafanye hivyo mara mbili kwa wiki, kusi au kaskazi ikivuma.

Ila moja kati ya yale ya wenzetu tuige: kuchomoa mpira. Sababu yetu ni nyingine. Mpira ukiachwa umezama kwenye beseni la kufulia na maji yakakatika, bomba linavuta maji ya sabuni kurudi ndani. Yakirudi, wa kwanza kukinga anakunywa mapovu. Kwenye koki yenye mpira funga valvu ya kuzuia maji kurudi.

Chuma_Chakavu_Hapana

Kuhusu wizi: acheni shaba kwa wanaokaa ndani ya ukuta na geti. Uani ulio wazi weka koki nzuri ya plastiki. Chumvi haiigusi na mwizi haina thamani kwake. Adui yake ni jua, kwa hiyo iwe upande wa kivuli au chini ya kipande cha bati, na mkono wake ukianza kupauka na kutoa unga mkononi ujue umri umekwisha. Mtu akitaka shaba, anunue yenye tundu la kufuli, lakini kufuli litamzuia mchota maji, si mwenye tindo.

FundiMaji_Duga

Plastiki NZURI. Ile laini unayoweza kuibonyeza kwa kidole gumba usiiguse.

Na za robo mzunguko, zenye mkono mrefu, zina shida yake hapa pwani: mwili ni shaba lakini mkono na nati ni chuma, vinaoza vinabaki mkononi mwako. Badilisha nati mapema. Usiiache nusu wazi, na maji yakirudi baada ya kukatika fungua kabisa kwanza, mchanga upite. Chembe moja ikikwama pembeni ya ile gololi ya ndani inachora mstari, na mstari huo ndio uvujaji wa maisha.

NyumbaNiYangu

Haya, nguzo nitajenga. Lakini bili ya mwezi uliopita ni ya wapangaji, mimi sikai hapo.

Mpangaji_Mkali

Hukai hapo ndiyo, lakini bomba la pamoja ni lako. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya 1999, inapokodishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni mzigo wa mwenye jengo. Chumba changu kina kitasa, hicho nitatengeneza. Koki inayotumiwa na vyumba sita utaitaje ya mpangaji?

Tunachotaka ni vitu vitatu na hakuna cha ajabu. Koki ya uani iwe na valvu yake, isilazimu kufungia nyumba nzima maji kwa ajili ya washa. Iwe na mita ndogo yake, ili inachomwaga ijulikane na isigawanywe kwa vichwa. Na taarifa ikitolewa kwa ujumbe wa simu, wenye tarehe na picha, basi kuanzia siku ya tatu uvujaji uwe kwenye hesabu ya mwenye nyumba. Tuandike kwenye mkataba kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, baada ya hapo hatuna sauti.

MamaUani

Hiyo siku ya tatu ishike hapohapo. Swali: kwenye mita kuna kile kinyota kidogo, kinatetemeka hata koki zote zikiwa zimefungwa. Ndiyo uvujaji?

FundiMaji_Duga

Kikitetemeka mbele na nyuma ni presha ya barabarani, usihangaike nacho. Kikizunguka upande mmoja, hata polepole, kuna maji yanakwenda mahali. Fanya hivi: saa tano usiku wote wakishakinga, andika namba zote pamoja na zile nyekundu, ambazo ni za lita. Asiguse mtu maji, na tanki kama lipo lifungwe. Saa kumi na moja alfajiri soma tena. Zikiwa zimesogea, funga valvu ya koki ya uani usome tena baada ya nusu saa. Mita ikisimama, umempata mhalifu. Isiposimama, fukua kutoka kwenye mita kuelekea nyumbani, anza palipo na majani mabichi kuliko pengine.